Dakika za Mwalimu Kalondu

Kufuli halikuwa limevunjwa. Kabati la maabara ya shule ya Kanyangi lilikuwa limefungwa vizuri, ila ndani yake palibaki pengo lenye upana wa daftari moja.

Inspekta Kiilu alinyunyiza poda ya kutafutia alama za vidole. Hakuona hata moja.

"Amefuta kila kitu," alisema. "Mwizi msafi."

"Na mwenye adabu," Mwalimu Kalondu alijibu. "Alimaliza chai yangu kwanza."

Kwa miaka minne, mwalimu huyo wa fizikia alikuwa amekokotoa nusu-maisha ya viini vizito thelathini na kimoja, yaani muda ambao nusu ya atomi huchukua kuoza. Hakuna aliyekuwa amevipima. Maabara moja ya ng'ambo ingetangaza vipimo vyake saa kumi na mbili jioni hiyo. Utabiri utakaofika baadaye haungekuwa utabiri tena.

"Chai alikunywa nani?"

"Daktari Mwangangi, mhadhiri wa Kitui. Juzi alikuja kuamua mashindano ya sayansi. Mgeni hafukuzwi, afande. Nilimwachia ufunguo nikaenda darasani. Leo asubuhi amewasilisha orodha hii kwenye tovuti ya maabara hiyo. Nambari zangu, jina lake."

"Atasema amekokotoa mwenyewe."

"Aseme." Kalondu aliipitia orodha hiyo, kisha akacheka. "Asi! Hata hakubadili kitu. Afande, mwambie akokotoe mstari wa kwanza mbele yako."

Alitangulia kuingia garini.

"Mwalimu, hilo ni gari la polisi."

"Nimeiona rangi yake."

Walimkuta Mwangangi nyumbani kwake Kalamba, akianika ndengu kwenye turubai.

"Orodha hii ni yako?" Kiilu aliuliza.

"Yangu."

"Hukuona daftari la mwalimu huyu?"

"La nini? Huyu mama anafundisha watoto sumaku."

"Basi kokotoa mstari wa kwanza. Kanuni umeiandika hapo juu."

Mwangangi alichukua kalamu na kikokotoo kwa madaha. Akaandika mia nane hamsini na mbili. Kalamu ikasimama.

"Orodha inasema kumi na nne nukta mbili," Kiilu alisema. "Kumi na nne nini?"

"Sekunde. Katika fani yetu ni sekunde daima. Hakuna haja ya kuandika."

"Mbona zimepungua?"

"Kosa la uchapaji."

"Mstari wa pili."

Jibu lilizidi la orodha mara sitini. Wa tatu, mara sitini. Wa nne hakuujaribu.

"Kanuni hutoa sekunde," Kalondu alisema. "Mimi hugawanya kwa sitini ili wanafunzi wauone muda huo kwenye saa ya ukutani. Haina mshale wa sekunde. Ningerudisha sekunde leo, kabla ya kutuma. Wewe uliniwahi, Daktari. Ulibeba dakika zangu ukaziita sekunde."

Mwangangi alikalia kigoda.

"Nilikuambia mbele ya walimu wote kwamba viini vizito si kazi ya chaki," alisema. "Ukaendelea. Miaka minne nilingoja ushindwe. Nikafungua daftari, nikaona umeweza. Mimi nina kompyuta sita, sijaweza! Ningemtazama nani usoni?"

"Liko wapi?" Kiilu aliuliza.

Mwangangi aliinyoosha mikono ipokee pingu, kisha akaelekeza kidevu kwenye gunia la ndengu.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kalondu alilichomoa daftari, akaketi juu ya gunia lile lile, akazidisha nambari zote thelathini na moja kwa sitini, akaziandika kwenye simu. Alipomaliza, zilisalia dakika nne.

"Andika jina la chuo changu," Mwangangi alimwambia kutoka garini. "Kanyangi watauliza ni nini."

"Wataitafuta kwenye ramani."

Akaandika: Kalondu, Kanyangi. Akabonyeza.

"Sasa vipimo na vije," alisema.