Harusi ya Kila Jumamosi

"Na mtoto yuko wapi?"

Dobi alikuwa amekumbatia mashuka sita yanayochuruzika maji. Akasimama. Mbele yake alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, kofia pana kichwani, ndio kwanza ameshuka kwenye gari la watalii na kukanyaga tope la msituni.

"Mtoto gani, mama?"

"Wako, mwanangu. Mwaka jana nilikaa mstari wa mbele nikawaona mnaoana hapa hapa. Nililia mpaka nikaazima leso. Nikajiapiza nitarudi na zawadi. Mume wako yupo?"

Dobi akayapandisha mashuka begani.

Sasa msikilizaji, uelewe jambo. Kambi ile ilikuwa ndani kabisa ya msitu wa mvua, saa nne za barabara mbovu kutoka mji wa karibu. Watu walifuata sokwe na ndege, na kila Jumamosi jioni waliongezewa ngoma na harusi ya kienyeji. Harusi yenyewe aliitunga meneja, kwa kalamu yake, akiwa mezani kwake. Wazee wa kijiji cha jirani waliitazama mara moja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Bwana harusi anauliza mara tatu, "Utanipokea?" Bibi harusi anakataa mara mbili, ya tatu anapokea kibuyu cha maji, watu wanapiga makofi. Bibi harusi alikuwa dobi. Bwana harusi alikuwa muongoza wageni wanaofuata sokwe, waliyemwita Kimya. Mpaka siku hiyo walikuwa wameoana mara sabini na moja, na kila mara wakimaliza, yeye anarudi kwenye mashuka, mwenzake anakwenda kusugua buti.

Meneja alimvuta nyuma ya jiko.

"Usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba ni mchezo. Mama wa watu ameleta wenzake kumi kwa sababu ya harusi yenu. Leo wewe na Kimya ni mke na mume. Mkaribisheni chai chumbani kwa Kimya, nusu saa tu, aridhike."

"Meneja, kesho naposwa."

"Kesho ni kesho. Mimi nakuomba leo."

Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na ndani yake ujumbe wa mama yake aliokwisha kuusoma mara kumi na moja: "Wazee wa dereva wanafika kesho saa nne. Nataka neno lako leo jua halijazama. Ndiyo au hapana. Usinitie aibu mbele za watu."

Dereva alikuwa mtu wa kusema. Miezi mitatu tu kambini, na alishamwambia anampenda, anataka kumuoa, anataka watoto wanne. Tena kulikuwa na suala la kuni. Mle msituni shuka hukauka kwa siku tatu, na mvua ikishika halikauki kabisa, mpaka uwashe moto kwenye chumba cha kukaushia. Na kila mvua iliposhika, dobi aliamka akakuta mzigo wa kuni kavu mlangoni pake. Zamani alidhani ni mpishi, mpishi akaruka kimanga. Alipokuja dereva mwenye gari, akajiambia, ni nani mwingine? Akamshukuru. Dereva akatabasamu, akasema, "Kidogo tu hicho." Hapo moyo wake ukaanza kulainika.

Mbona basi hakujibu ujumbe? Kwa sababu alimpenda Kimya. Alilijua hilo kama anavyojua doa la chai na doa la kutu. Lakini kazi ya Kimya ilikuwa kuwanyamazisha watu. Msituni aliongoza kwa mkono tu: kiganja chini, keti; ngumi juu, simama hapo hapo, tumewapata. Tabia hiyo ikamfuata mpaka nyumbani. Jumamosi anakuuliza utanipokea, Jumapili anakupita kwa kutikisa kichwa. Mwanamke gani ataolewa kwa kutikisiwa kichwa?

Chai ilinywewa kwenye chumba cha Kimya. Kitanda kimoja chembamba, buti mlangoni, darubini msumarini. Mwalimu alikagua kama anasahihisha daftari.

"Kitanda hiki mnalalaje wawili?"

"Kwa zamu," akasema Kimya.

Dobi nusura amwage chai. Mwalimu akacheka, akafungua mfuko wake, akatoa zawadi. Mashuka mawili meupe, yamedariziwa maua pembeni.

"Mashuka," akasema dobi. Siku nzima anafua mashuka, sasa anazawadiwa mashuka. "Ahsante, mama. Tulikuwa nayo machache."

Kimya akainamisha uso kwenye kikombe.

"Haya, nielezeni. Pale harusini aliuliza maneno ya watu wote. Faragha alikutamkiaje?"

Dobi akajiandaa kudanganya. Akatafuta uongo mwepesi, hakuupata. Ndipo Kimya akaweka kikombe chini.

"Sijawahi kumtamkia," akasema. "Kulikuwa na mvua ya siku nne. Nikapita chumba cha kukaushia asubuhi, nikamkuta amejiviringisha shuka la mgeni, amekaa, anatetemeka. Kuni zilikuwa zimelowa, moto umekataa, na wageni wanafika mchana. Alikuwa analikausha shuka kwa joto la mwili wake. Hakuniona. Nikapanda kule kwenye mapango ya mawe, ambako mvua haifiki, nikamletea kuni. Tangu siku hiyo mvua ikishika napanda. Nikishaziweka mlangoni, naondoka."

Mwalimu alikuwa tayari ameshatoa leso.

Dobi hakunywa tena chai. Shuka lile alilikumbuka. Baridi ile aliikumbuka, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Walipotoka nje akamshika Kimya mkono wa shati.

"Kuni ni zako?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku za mvua."

"Unajua kesho nani anakuja kwa mama yangu kijijini?"

"Kambi nzima inajua."

"Na wewe husemi kitu?"

Wageni walikuwa wameshajipanga, meneja anaonyesha saa yake. Kimya akachukua darubini, akatikisa kichwa, akaingia nao msituni.

Hasira zilimpanda dobi mpaka masikioni. Alifua mashuka mawili, la tatu akaliacha kwenye beseni. Akaenda getini, akarudi. Akaenda kwenye chumba cha kukaushia, akazitazama kuni zilizobaki, akatoka. Mwisho akamfuata dereva, aliyekuwa anafuta kioo cha gari.

"Nikuulize. Zile kuni ulizikata wapi?"

"Kuni zipi?"

"Nilizokushukuru."

Dereva akaendelea kufuta mahali palipokwisha kutakata. "Mimi sikusema ni zangu."

"Wala hukusema si zako."

"Ulinijia na lile tabasamu. Mwanamume gani angekataa?"

"Mwanamume wa kuoa angekataa."

Dereva akakunja kitambaa, akakikunjua. "Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya kuni? Na yule bubu amekuambia anakutaka?"

Hapo alimshika pabaya. Kimya hakusema. Amesimulia kuni, hakusema anamtaka.

"Hajaniambia," akasema dobi. "Akiniambia asiniambie, mimi na wewe basi. Nimekuvumilia mengi, ila uongo wa kimyakimya siuwezi. Mpigie baba yako, wazee wasihangaike kusafiri."

"Utajuta."

"Nitajutia kwangu."

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya tangi la maji. Saa kumi na moja jioni dobi alikuwa amesimama kwenye kipandio cha nne, simu sikioni. Chini ngoma zilishaanza kujaribiwa.

"Mama, dereva simtaki."

"Yupo mwingine?"

"Sijui."

"Hujui? Unamfukuza mtu mwenye gari halafu hujui?"

Hapo hapo msafara wa wageni ukatokeza kwenye njia ya msituni, Kimya mbele, wote wametapakaa tope. Kimya akamwona dobi kwenye ngazi. Akasimama. Akainua ngumi juu.

Wageni kumi na mmoja waliofundishwa tangu waingie msituni wakaganda palepale. Mmoja akachuchumaa. Mwalimu akaanza kutafuta sokwe kwenye tangi.

"Shusha mkono," akasema dobi kutoka juu. "Mkono sitaki. Sema."

Kimya akashusha mkono.

"Usiende kwa dereva."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda."

"Tangu lini?"

"Tangu lile shuka. Nilitaka kukwambia, nikaogopa. Kila Jumamosi unanikubali, watu wanapiga makofi, ukigeuka unauliza sabuni iko wapi. Nikasema, huyu anajua kuigiza."

"Na wewe je?"

"Mimi sijaigiza hata siku moja."

Dobi alishuka vipandio vitatu vya ngazi bila kujua ameshuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mwaka mzima, Kimya. Mwaka mzima nalala nageuka huku na huku, nawaza kama huyu mtu ananiona au haoni."

"Nakuona. Nisamehe."

"Mvua ikishika, utakuja mlangoni na kuni ukimbie tena?"

"Nitabisha hodi."

Simu ikapiga kelele mkononi. Mama yake alikuwa bado yupo hewani.

"Nani huyo anaongea?"

"Ni Kimya, mama."

"Yule asiyesema?"

"Ndiye."

"Mwambie kesho saa nne viti vimeshapangwa. Aje na wazee wake. Na hiyo sauti aje nayo, asiisahau huko."

Meneja alikuja mbio, shada la maua mkononi, jasho linamtiririka. "Jamani, wageni wamesharudi, ngoma zinawasubiri. Kavaeni."

"Leo siolewi," akasema dobi. "Nitaolewa mara moja tu sasa, na hiyo hutaipanga wewe na kalamu yako. Hilo shada wape mpishi na mlinzi wa geti, waoane wao."

Na jioni ile kweli mpishi, mtu wa miaka hamsini na mwili wake, alimkataa mlinzi mara tano badala ya mbili, na wageni walicheka kuliko Jumamosi zote. Dobi na Kimya walikaa mstari wa mbele, mkono kwa mkono. Mwalimu alikuwa pembeni yao, mashuka yake mapajani, amekunja uso kama mtu aliyekosa hesabu rahisi.

"Subirini," akasema. "Kama anaposwa kesho, basi mwaka jana mimi nililia bure?"

Dobi akamtazama Kimya, ajibu yeye.

"Hapana, mama," akasema Kimya. "Uliwahi tu kulia."