Mti wa Bibi Odessa Hauna Miguu

Bibi yangu hasikii la mtu. Nalisema mapema ili msije mkashangaa mbele. Mimi naitwa Janaya, nina miaka kumi na sita, na watu wa mtaa wetu hapa mashariki ya Baltimore wanasema nimemrithi. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sikatai.

Kila Jumamosi asubuhi Bibi Odessa anasugua ngazi za mlangoni. Ni ngazi tatu za marumaru nyeupe. Anapiga magoti na brashi na ndoo, kama mama yake alivyofanya. Akimaliza anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, chini ya mwaloni ulio mbele ya nyumba.

Mwaloni huo ndio mti mkubwa pekee uliobaki mtaani kwetu. Babu Linwood aliupanda mwaka aliozaliwa mama yangu. Julai ikifika, ghorofani hapakaliki kwa joto, na moyo wa Bibi hauwezi joto. Daktari ameshasema. Kwa hiyo maisha yetu ya kiangazi yako chini ya ule mti. Tunamenya maharage pale. Tunakula barafu ya kukwangua yenye sharubati. Tunasengenya watu.

Babu alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo, kila tarehe sita Julai, siku yake ya kuzaliwa, Bibi alikuwa na kazi moja. Alikuwa anaongeza safu ya matofali kuuzunguka mti na kuyapaka chokaa. Halafu anamwaga ndani magunia mawili ya matandazo, yale magome ya miti yaliyosagwa. Anayasukumia mpaka kwenye shina, anayapigapiga kwa kiganja.

"Lala vizuri, Linwood," anasema.

Hadi mwaka jana matofali yalikuwa yamefika gotini kwangu. Wapita njia walikuwa wakisifu. "Bi Odessa, mti wako umependeza!" Naye alijibu, "Najua."

Lakini mti haukuwa mzima. Majani ya juu yalikuwa yakipukutika mapema, Agosti badala ya Novemba. Matawi ya kileleni yalikauka. Mwezi wa sita mwaka jana akaja mtu wa jiji mwenye fulana ya kung'aa. Aliuzunguka mti mara moja. Akatoa kopo la rangi, akachora alama ya X kwenye shina, kubwa, ya rangi ya chungwa. Akabandika karatasi: mti unakufa, utaangukia watu, utakatwa tarehe ishirini na tano Julai.

Bibi aliisoma ile karatasi bila miwani. Akaichana.

"Thubutu!" alisema. "Wataanza kunikata mimi."

Tarehe sita Julai ilipofika, hakununua magunia mawili. Alinunua matatu. "Una njaa huu mti," aliniambia. "Leta hilo gunia, usisimame kama nguzo." Nikaleta. Nilimwaga kwa mikono yangu mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka nasikia aibu.

*

Kiangazi hicho nilikuwa nimepata kazi. Kuna mpango wa vijana wa mjini kufanya kazi za mazingira, wiki tano, kuanzia wiki ya pili ya Julai. Tulikuwa wanane. Tulivaa fulana za kijani na kofia zilizotubana. Mkuu wetu alikuwa Bi Verlene, mtaalamu wa miti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvunja vioo.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nilidhani tutapanda miti. Kumbe kiangazi mti haupandwi, jua litauua. Kazi yetu ilikuwa kumwagilia ile miti michanga iliyopandwa tayari, kung'oa magugu, na kubomoa vichuguu.

"Vichuguu gani?" aliuliza Tayvon, kijana wa mtaa wa pili, mwenye mdomo usiofunga. "Mimi sikuja kupigana na mchwa."

Bi Verlene akatuonyesha mti mchanga kando ya barabara. Mtu alikuwa amerundika matandazo kwenye shina lake, rundo limechongoka juu.

"Hicho hapo," alisema. "Wanaorundika hivi wanadhani wanausaidia. Wanauzika ungali hai. Janaya, simama. Vua kiatu."

"Kiatu?"

"Vua. Sasa nyote tazameni mguu wake. Unashuka mwembamba, halafu chini unapanuka, unakuwa wayo. Mti nao uko hivyo. Pale shina linapokutana na udongo, lazima lipanuke. Hivyo ni vifundo vya mti. Vikiwa wazi, gome linapata hewa, linakauka. Ukivifukia, gome linalowa, linaoza. Mizizi nayo inapanda juu kutafuta hewa, inalizunguka shina, inalikaba kama kamba."

"Kwa hiyo matandazo ni sumu?" niliuliza.

"Hapana! Ni mazuri. Yanatunza maji na kuzuia magugu. Ila yatandazwe mapana, yasiwe marefu. Kina cha vidole vitatu au vinne, basi. Na yakae mbali na shina, upana wa kiganja. Mti uwe katikati ya sahani, siyo ndani ya kichuguu."

Tukaanza kufukua. Bi Verlene alipita nyuma yetu akipiga kelele, "Nionyesheni vifundo! Sijaona vifundo!" Tayvon akamwambia, "Bi Verlene, ukisema hivyo barabarani watu watakuelewa vibaya." Tulicheka mpaka nikalowa machozi.

Halafu kicheko kikaniishia. Nilikumbuka mwaloni wetu. Safu kumi na mbili za matofali. Maisha yangu yote sijawahi kuona vifundo vya mti ule.

*

Nilimwambia Bibi jioni ile ile, akiwa anakaanga samaki. Nilimweleza kila kitu kama nilivyofundishwa. Akazima jiko. Bibi hazimi jiko samaki wakiwa hawajaiva.

"Rudia," alisema.

"Matandazo, Bibi. Na matofali. Yanauozesha mti."

"Yaani mimi ndiye ninayeua mti wa babu yako."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo! Siku moja umevaa fulana ya kijani, umeshakuwa profesa. Nimeutunza mti ule tangu hujazaliwa. Eti vifundo! Kanisani kwetu mwanamke wa heshima haonyeshi miguu yake ovyo, na mti wangu hautaonyesha."

"Bibi, utakatwa!"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Janaya."

"Na guu lenyewe ndilo ninalokwambia limeoza!"

Sijawahi kumpandishia Bibi sauti namna ile. Nilijua nimevuka mpaka. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haki, na sikuomba radhi. Yeye naye hakuomba. Tulikula samaki wabichi katikati, kila mtu anaangalia sahani yake.

Siku mbili hatukusemeshana. Nilipiga simu ofisi ya jiji kuomba mti upimwe tena. Bi Verlene alikuwa ametuambia kwamba mkazi yeyote anaweza kuomba. Nilipiga mara nne. Walinipa namba ya ombi, na kila mara waliniambia nisubiri.

Siku ya tatu nikamleta Bi Verlene mwenyewe nyumbani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, fimbo mapajani. Alimkaribisha chai ya barafu, maana hata adui mlangoni kwake anapewa chai. Bi Verlene akaisifu chai. Akasifu ngazi. Hakugusa habari ya mti.

Baadaye akauliza, "Mama, mzee Linwood alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha chuma. Miaka thelathini."

"Mume wangu alikuwa huko pia. Alikuwa anarudi buti zimelowa chapachapa."

"Wee! Unaniambia mimi? Linwood alikuwa anataka kukaa nazo mezani."

"Ukamwachia?"

"Nimwachie miguu ioze? Nilikuwa namvua hapo hapo mlangoni, soksi na buti, apende asipende. Namfuta, namweka miguu juu ya..."

Akaugeukia mti. Bi Verlene alikunywa chai yake tu.

Bibi akainuka. Akaenda kwenye matofali, akainama, akazamisha mkono kwenye matandazo, chini kabisa, mpaka kiwiko. Alipoutoa ulikuwa umelowa, mweusi. Akaunusa. Nilikuwa mbali kidogo, lakini hata mimi niliisikia harufu ya uozo.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Miaka kumi na miwili namvalisha buti mbichi."

Akalia. Bibi yangu, ambaye hakulia kwenye mazishi ya Babu. Nikaenda nikamshika. Hakunisukuma.

"Bado una uhai," Bi Verlene alisema. "Ila tusichelewe."

Bibi akajifuta uso kwa mkono wake msafi. "Janaya," alisema, "unaangalia nini? Toa matofali."

*

Jumamosi ile Tayvon na wenzake wote walikuja, na hawakuja kwa mshahara. Tulitoa matofali yote. Tuliondoa matandazo kwa toroli, mara kumi na moja. Karibu na shina, Bi Verlene alitupiga marufuku kutumia sepetu. "Mikono na vijiko vya bustani. Mkilijeruhi gome, mmeleta ugonjwa mwingine."

Saa nane mchana tuliviona. Vifundo. Shina lilikuwa linapanuka chini, pana, limekunjamana. Gome lilikuwa laini upande mmoja, lakini pande zingine lilikuwa gumu. Mizizi miwili myembamba ilikuwa imelikaba. Bi Verlene aliikata kwa patasi, taratibu. Wa tatu, mnene, akauacha. "Huu tutaukata mwaka kesho. Mgonjwa hapasuliwi mara mbili siku moja." Kisha akamwonyesha Bibi namna ya kumwagilia wakati wa ukame: mpira wa maji uchuruzike polepole, mbali na shina, kule chini ya ncha za matawi, ambako mizizi inanywa.

Lakini ofisi ya jiji haikujibu. Na tarehe ishirini na tano, saa moja asubuhi, lori la kukata miti lilisimama mbele ya mlango wetu.

Bibi alikuwa ameshaamka. Alikuwa kwenye kiti chake, ameegemea ile X, amevaa kofia yake ya kanisani.

"Mama, sogea tafadhali," alisema msimamizi wa lori. "Nina amri ya kazi."

"Na mimi nina kiti."

"Mti huu umekufa."

"Umekufa wewe!"

Nikapiga hatua mbele. "Bosi, umeupima?"

"Aliupima mwenzangu mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita hakuona vifundo vyake. Vilikuwa vimefukiwa. Tumeomba upimwe upya. Hii hapa namba ya ombi, na tarehe na saa za mara zote nne nilizopiga simu. Upime, na ukikuta umeoza ndani, nitambeba Bibi na kiti chake mimi mwenyewe."

"Hutanibeba," alisema Bibi.

Msimamizi alinitazama. Akatazama fulana yangu ya kijani. Akatazama majirani waliokuwa wametoka na nguo za kulalia, kila mmoja kwenye ngazi zake. Akapumua kwa nguvu, akapiga simu.

Mkaguzi alikuja saa nne, mwanamke mwenye nyundo ya mpira. Alipiga magoti pale chini. Akagonga shina polepole, akisikiliza. Upande ule laini ulitoa sauti ya ngoma. Bibi alinishika mkono akaubana. Mkaguzi akaendelea. Ngo. Ngo. Ngo. Pande zote zilizobaki zilitoa sauti ya kitu kigumu.

"Nani aliyefukua hapa?" aliuliza.

"Sisi," nilisema.

"Mmefukua vizuri." Akamgeukia msimamizi. "Toa matawi makavu tu. Shina libaki. Nitarudi kuupima kila mwaka."

Majirani walipiga makofi. Tayvon, ambaye alifika amechelewa kama kawaida, alipiga makofi kuliko wote bila kujua kwa nini.

Lori lilipoondoka, Bibi aliingia ndani akatoka na brashi yake ya ngazi. Akaanza kuisugua ile X. Nikamkimbilia. "Bibi, acha! Utachubua gome!"

Akasimama, brashi hewani. Safari hii alinisikia.

"Basi ikae," alisema. "Waione."

*

Mwaka huu, mwezi wa nne, majani yalitoka. Kileleni bado kuna upara, Bi Verlene anasema hautajaa wote. Lakini kivuli kinafika kwenye kiti cha Bibi tangu asubuhi hadi jioni, na majani ni mabichi kweli. Mkaguzi amerudi, amegonga, ameandika kwamba mti una nafuu. X bado ipo, imefifia kidogo.

Na Bibi sasa ndiye mkali kuliko Bi Verlene. Anatembea mtaani na fimbo yake. Akiona mtu amerundika matandazo kwenye mti, anagonga mlango. "Tandaza! Vidole vitatu! Nionyeshe vifundo!" Watu wanamkimbia. Halafu wanafukua.

Tarehe sita Julai alitoka nje na kiti. Hakuleta gunia. Aliondoa majani yaliyoanguka kwenye vifundo vya mti, kwa mkono. Kisha akakaa, akavua viatu, akavua soksi, akaivuta sketi yake mpaka juu ya vifundo vya miguu yake, akanyoosha miguu kando ya mizizi.

Bi Lorraine, mke wa mchungaji, alikuwa anapita. Akasimama ghafla, akaiangalia ile miguu mitupu ya Bibi yangu barabarani mchana kweupe.

"Unaangalia nini, Lorraine?" alisema Bibi. "Pita zako. Linwood na mimi tunapunga upepo."