Kengele ya Beberu

Sydney, jirani yangu wa ploti hapa Kitengela, alikuwa hajawahi kuwinda hata sungura. Fisi alipomla beberu wa wakwe zake kule Bisil, Kisemei, ndugu wa mkewe, alimwambia, "Shemeji, leo tunamfuata pamoja."

Jioni waliiokota kengele ya beberu vichakani, ina damu. Kisemei aliishindilia nyasi isilie, akampa Sydney aibebe. Wakafuata nyayo kimya kimya mpaka giza likaingia. Ndipo kengele ikalia karibu nao, polepole, kama ya mbuzi anayekula majani.

Kisemei akageuka kwa hasira. "Shemeji, nani amekuambia utoe nyasi?"

Sydney akaitoa mfukoni, akaimulika na simu. Nyasi zilikuwa zimekazana vilevile.

Wakiwa wameishika wote wawili, kengele ikalia tena, sasa nyuma yao, kwenye njia ya kurudi bomani.