Dakika Kumi na Moja za Jumapili

Hiki kisa nikikuanzia mwishoni utaniambia niache uongo, kwa hiyo naanzia mwanzo. Mwanamke alikufa hospitalini kwa dawa ambayo faili lake mwenyewe lilisema, kwa herufi nyekundu, asipewe kamwe. Aliyempa ni nesi mwangalifu kuliko wote pale. Na faili halikuibwa, halikufutwa, wala halikuguswa na mtu. Sasa twende.

Maiti ilikuwa kitanda cha nne, wodi ya wanawake, Jumapili, saa kumi na nusu jioni. Fundi cherehani, miaka thelathini na minne. Aliingia hospitalini kwa sababu ya kidole tu, kilichochomwa na sindano ya cherehani, mkono ukavimba mpaka kiwiko. Sasa uso mzima ulikuwa umefura na midomo imebadilika rangi. Mdogo wake alikaa pembeni, ameshika futi ya kupimia nguo ya marehemu, anaikunja na kuikunjua.

Inspekta alivaa glavu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, miwani iko kichwani na yeye anaitafuta mfukoni.

"Bomba la sindano liko wapi?"

"Hili hapa, afande," Koplo akajibu. "Na chupa ya dawa. Penisilini."

"Faili linasemaje?"

Koplo akageuza kompyuta ya wodi. Faili lilifunguka mara moja. Juu kabisa, kwa wekundu: MZIO MKALI. PENISILINI. USIPEWE.

Wakatazamana.

"Nani alimdunga?"

Nesi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Wodi nzima walimwita Sista Mara Mbili, maana hata joto la mgonjwa alilipima mara mbili, na chumvi ya kwake nyumbani, walimtania, aliionja mara mbili.

"Mimi," akasema.

Wakamkalisha kwenye chumba cha chai cha manesi.

"Sista, unajua kusoma?"

"Najua."

"Herufi nyekundu unaziona?"

"Naziona. Saa hizi zipo."

"Na ulipomdunga?"

"Hazikuwepo. Daktari aliandika penisilini, kwa sharti niangalie faili kwanza. Nikafungua, kompyuta ikaniandikia faili halipatikani. Nikajaribu tena. Halipatikani. Mara ya tatu hivyo hivyo."

"Ikawa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi, kumi na mbili hivi."

"Kwa nini hukungoja?"

"Homa ilikuwa inapanda, na daktari kasema isicheleweshwe. Mdogo wake alikuwa ametoka kununua maji. Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe, dada, una mzio wa dawa yoyote? Akatikisa kichwa. Alinijibu au homa ilikuwa inamtetemesha, mpaka sasa sijui."

Inspekta akaandika. Akamsomea onyo, akachukua maelezo, akampeleka kituoni. Kama hadithi yake ni ya kweli, ni bahati mbaya. Kama ni ya uongo, ni uzembe uliosababisha kifo, na hapo ni jela. Jalada la kesi lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka Alhamisi jioni.

Jumatatu asubuhi Inspekta akarudi hospitalini. Mlango mkubwa ulikuwa na ubao wa mbao uliopakwa rangi, na vibao vidogo vya namba vinavyoning'inizwa kwenye misumari. SEVA YETU: SIKU 413 BILA KUZIMIKA.

"Seva ni nini?" Inspekta akauliza.

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa akingoja swali hilo. "Ni kompyuta mama, afande. Mafaili yote ya wagonjwa yamo humo, yenyewe inayagawa kwa kompyuta za wodini, maabara, duka la dawa. Siku mia nne na kumi na tatu haijazimika hata sekunde. Ikifika mia tano, wakubwa wanakuja kutupa cheti."

"Nesi anasema Jumapili faili halikupatikana."

"Nesi ameua mgonjwa, afande. Atasema nini kingine? Njia ya mwongo fupi. Ubao huo hapo, msome."

Kijana wa mitambo aliitwa. Jina lake la kazini lilikuwa Siku Ngapi, kwa sababu kila anayepita alimuuliza, "Siku ngapi leo?" naye akataja namba. Yeye ndiye aliyebadilisha vibao kila asubuhi. Mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Jumapili ulikuwa kazini?"

"Nilikuwepo."

"Seva ilizimika?"

"Ubao unasema vipi, afande?"

"Nimekuuliza wewe."

"Haikuzimika."

"Kuna mtu angeweza kuingia ndani ya hiyo seva kutoka nje, akalificha faili, kisha akalirudisha?"

Hapo alijibu haraka, na kwa mara ya kwanza alinyanyua uso. "Hapana. Hilo haliwezekani. Hakuna wa kuingia."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Inspekta akaandika maneno hayo kama yalivyo. Wakati huo hayakumwambia chochote.

Siku mbili zikapita bila la maana. Daktari wa uchunguzi wa maiti akathibitisha kifo kimetokana na mzio. Daktari wa zamu akathibitisha lile sharti lake. Chupa ilikuwa na alama za vidole za nesi peke yake. Kila kitu kilimwelekea Sista Mara Mbili, naye kule kituoni alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

Mdogo wa marehemu alikuja kituoni kila asubuhi, akakaa kwenye benchi.

"Dada, nenda nyumbani," Koplo akamwambia. "Tukipata jambo tutakupigia."

"Nyumbani kuna nguo za watu kumi na mmoja hazijamaliziwa," akajibu. "Kila anayekuja kuchukua ananiuliza fundi yuko wapi. Afadhali benchi."

Jumatano Inspekta akaingia maabara bila kusudi kubwa, anapekua tu majibu ya vipimo vya Jumapili. Yote yalitoka kwenye printa, safi. Yote isipokuwa matatu. Matatu yaliandikwa kwa kalamu.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," akasema mpimaji wa maabara, jicho kwenye hadubini. "Mtandao uligoma."

"Lini?"

"Si nimeandika saa hapo juu? Saa tisa na dakika tano, na saba, na kumi na moja. Baada ya hapo ukarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani kaniuliza? Mlimhoji nesi, mkamhoji daktari, mkamhoji mpaka mfagizi. Mpima damu nani anamjua? Nilimpigia Siku Ngapi siku ile ile, akasema ni waya wa huku kwetu umelegea."

Inspekta akavichukua vikaratasi kama vielelezo. Waya wa maabara hauwezi kulegea ukazima kompyuta ya wodi. Na kama nesi alikuwa na sababu ya kudanganya, mpima damu hakuwa nayo.

Alhamisi asubuhi akaomba jalada la barua zote za kitengo cha mitambo. Mkurugenzi akampa huku anatazama saa. Ndani kulikuwa na barua sita za Siku Ngapi, zote za jambo moja. Ya mwisho ilikuwa na siku kumi tu. Programu inayogawa mafaili, aliandika, ina tundu. Mtu yeyote aliye kwenye mtandao wetu, hata mgeni anayengojea foleni na simu yake, anaweza kuingia bila nenosiri na kufanya atakavyo. Waliotengeneza programu wameshatoa kiraka cha kuliziba. Naomba ruhusa nikiweke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pembeni, kwa wino wa Mkurugenzi: Haraka haraka haina baraka. Subiri siku ya 500.

Inspekta akaisoma mara mbili, kama nesi. Kisha akarudi kwenye daftari lake la Jumatatu. Hakuna wa kuingia. Asilimia mia.

Akampigia Koplo. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Mara ya tatu Koplo mwenyewe akatokea mlangoni, simu mkononi, kioo cheusi.

"Koplo, nakupigia hupatikani, uko nyuma ya mlango?"

"Samahani, afande. Simu inajisasisha. Miezi mitatu inaniomba, nabonyeza baadaye, baadaye. Leo nimeibonyeza kwa bahati mbaya."

"Na kujisasisha ndiyo kuzima?"

"Lazima izime kwanza, afande, ndiyo iwake na kitu kipya. Dakika kadhaa tu."

Inspekta akafunga jalada. "Twende kwenye chumba cha seva."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama stoo, baridi, kinavuma. Siku Ngapi alisimama walipoingia. Kule kwenye mlango mkubwa ubao ulisema 416.

"Siku kumi zilizopita umeandika seva ina tundu," Inspekta akasema. "Jumatatu ukaniambia hakuna wa kuingia. Tundu limekwenda wapi?"

Siku Ngapi akageuka kuitazama mashine.

"Kiraka kikiwekwa, lazima seva izimwe?"

"Izimwe na kuwashwa."

"Mashine yenyewe inajua imewaka tangu lini?"

"Inajua."

"Iulize."

Akaandika amri. Kioo kikajibu: siku 3, saa 19. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Koplo akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, akafika Jumapili, saa tisa na robo alasiri.

Siku Ngapi akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni.

"Unayo haki ya kunyamaza," Inspekta akaanza.

"Nimenyamaza siku nne, afande. Zinatosha."

"Ilizimwa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika nne. Ilirudi tisa na robo. Nilidhani itachukua dakika tatu."

"Kwa nini Jumapili?"

"Ijumaa, hospitali ya mji wa jirani iliamka ikakuta mafaili yote yamefungwa na wezi wa mtandaoni. Waliingia kwa tundu hili hili. Wamewafungia mpaka wodi ya watoto wachanga, manesi wanasoma majina kwenye vitambaa vya mikononi. Nikaona zamu yetu ni wiki moja, mbili. Jumapili baada ya chakula wodi zimelala. Nikasema sasa hivi, nani atajua."

"Kwa nini hukuwaambia wodini?"

"Ningewaambia, Mkurugenzi angesikia kabla sijamaliza sentensi. Angenizuia."

"Ungepiga simu moja tu. Msifungue faili, ngojeni robo saa."

"Moja tu," akasema. "Najua, afande. Nimeipiga kichwani tangu Jumatatu."

"Na asubuhi ukatundika 413."

"Mkono ulishazoea. Halafu nikasikia kuna mtu amekufa. Nikafuta rekodi za kuzima. Nikasema nesi ataachiwa tu, kila mtu anamjua. Nikangoja aachiwe. Kila siku nikasema kesho."

Jalada likaenda kwa mwendesha mashtaka jioni ile kama lilivyotakiwa, ila jina lilikuwa jingine, na barua sita zimebandikwa nyuma, wino wa Mkurugenzi ukionekana vizuri.

Mdogo wa marehemu aliambiwa pale pale kwenye benchi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dada yangu amekufa kwa ajili ya ubao," akasema.

Inspekta akayaandika maneno hayo kama yalivyo.

Sista Mara Mbili alitoka saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kusaini vitu vyake aliuliza jambo moja. "Ile simu ya chumba cha seva, iko ukutani bado?"

"Ipo."

"Pembeni yake kuna karatasi ya njano, ina namba ya wodi yetu. Niliibandika mwenyewe mwaka jana. Nikamwambia, mwanangu, ukiwa na lolote, piga." Akasaini. Kisha akahakiki saini yake.

Na hapo ungedhani kisa kimekwisha. Wiki iliyofuata mtaalamu kutoka makao makuu akaja kuikagua seva. Akakuta kwamba Jumatatu, saa mbili asubuhi, wakati Siku Ngapi yuko mlangoni anatundika 413, mtu asiyejulikana alijaribu kuingia kwa tundu lile lile. Alijaribu mara arobaini. Mara zote alikuta limezibwa. Siku ile hospitali ilikuwa na wagonjwa mia mbili na sitini, na dawa, mizio na damu ya kila mmoja vimo humo.

Inspekta aliisoma ripoti hiyo, akaiweka kwenye nakala yake ya jalada, nyuma ya picha ya maiti. Hakusema ipi inapaswa kuwa mbele.

Sasa wewe unayesoma nieleze. Ni Jumapili, saa tisa na dakika tatu. Barua sita zimerudi na wino. Kiraka unacho. Mji wa jirani wanasoma majina ya watoto kwenye vitambaa. Simu iko ukutani, karatasi ya njano iko pembeni yake, na ukiinyanyua tu unaweza kuzuiwa. Kidole chako kiko juu ya kitufe. Ungefanya nini?