Harufu ya Bibi Mkubwa

Saa sita mchana, katikati ya mzunguko wa barabara uliojaa honi na matusi, Bibi Mkubwa alianza kufuka moshi. Bibi Mkubwa ni gari la familia, refu nyuma, rangi ya maziwa yaliyolala, na umri wake hata mwenye gari aliukana. Ndani alikaa binti wa mwenye gari, mpamba keki, kwa gauni jeupe na viatu vyeupe. Kiti cha nyuma kilibeba keki ya harusi ya ghorofa nne.

Moshi ule ulikuwa na utamu, ila utamu wa sharubati iliyoungua ikamwagiwa soksi za mtu. Mpamba keki, anayeshinda ndani ya sukari kutwa nzima, aliziba pua kwa kiganja. Akashuka, akafungua boneti, akapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta, penye maji ya kupozea injini.

"Dada, acha! Utajichemsha uso!"

Aliyefoka ni fundi magari aliyekuwa akivuka barabara na mkate mkononi. Ovaroli yake ingeweza kusimama yenyewe bila mtu ndani.

"Subiri lipoe. Limeanza lini kunywa maji?"

"Wiki mbili. Baba anajaza kila asubuhi. Na wewe unakulaje na hiyo... hiyo nini kwenye vidole?"

"Grisi. Inaongeza ladha."

"Kinyaa kitupu!"

"Asante. Wengi hunikumbuka kwa hilo."

Lilipopoa, alipitisha kidole chini ya mpira wa juu wa rejeta, kikatoka na utelezi wa kijani. Akakata ncha iliyooza, akaurudisha mpira, akakaza bangili ya chuma inayoushika, akajaza maji. Kisha akainama tena, uso ukabadilika.

"Kuna uvujaji wa pili. Pampu ya maji inalia, ona michirizi hii. Mwambie mzee alete gari gereji wiki hii nibadilishe pampu, la sivyo litakuaibisha mbele za watu."

Keki ilifika imesimama. Simu ya kwanza aliyompigia fundi ilikuwa ya shukrani. Ya pili haikuwa na sababu yoyote. Kufikia ya saba mpamba keki alishaitwa Sukari.

"Sukari wangu, umekula?"

"Nimekula. Umenawa?"

"Mara mbili."

"Nawa ya tatu, ndipo useme unanipenda."

Siku ya pili baba alitoka na gari, akarudi anapiga mluzi. "Fundi wako kamaliza kazi," akasema. Mpamba keki akaamini, wala hakumuuliza kijana. Hakutaka adhani anapendwa kwa ajili ya spana.

Siku ya tano, mbele ya ukumbi wa harusi nyingine, keki mpya ikiwa kiti cha nyuma, Bibi Mkubwa alipumua. Heri ungekuwa moshi! Ilikuwa ni harufu ya yai lililooza, limechemshwa, likaoza tena. Ilipita kwenye matundu ya hewa, ikaingia kwenye keki, ikakaa humo kama mpangaji. Mama wa bibi harusi alijifunika uso kwa pochi. Mjomba mmoja mbishi alionja, akatema kwenye maua.

Fundi akapigiwa simu, akaja mbio. Baba naye akaja. Mpamba keki alisimama hatua ishirini kando, pua imebanwa, machozi yanamtoka. Gari lilipopoa, fundi alifungua kifuniko cha rejeta, akakuta vipande vyeupe na vya njano vinaelea kwenye ute. Kimoja kilimnasa mkononi, kikagoma kutoka. Akaelewa papo hapo. Akamtazama mzee.

"Mwanangu," baba alinong'ona nyuma ya boneti, "zamani tulisikia mayai yanaziba matundu ya rejeta inayovuja. Nilitia sita, nikamwambia binti kuwa umemaliza kazi. Usinivue nguo mbele ya binti yangu, nakuomba."

Fundi akafunika. "Kosa langu," akasema kwa sauti. "Sikuifunga pampu vizuri, na nilijua."

"Yaani ulijua, ukaniacha nipakie keki ya watu?"

Fundi akashusha boneti.

"Tapeli mchafu! Livute hilo jinamizi ulipeleke kwako, na namba yangu ufute!"

Siku tatu simu haikulia. Siku ya nne, asubuhi, mpamba keki alimkaangia baba yake mayai. Mzee akayatazama, akawa rangi ya majivu, akaziba mdomo.

"Baba, unaumwa?"

"Yaondoe. Yaondoe, mama! Ni mimi niliyeyatia. Kijana hakuigusa ile pampu. Nilimwomba anifichie, akanifichia."

Mpamba keki alitoka na ndala za bafuni. Gereji aliijua kwa harufu tangu kona ya mtaa; nzi wenyewe walikuwa wamehamia ng'ambo ya barabara. Pampu mpya ilishafungwa, na fundi alikuwa chali chini ya Bibi Mkubwa, akisukuma maji ya bomba kwenye rejeta. Mapande ya yai yalimdondokea kifuani, plop, plop.

"Usisogee, Sukari. Nanuka."

"Najua unanuka! Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nimwite baba mkwe. Ningeanzaje kwa kumwaibisha?"

"Ukakubali kunikosa?"

"Sijalala tangu siku ile."

Mpamba keki alipiga magoti kwenye ute, gauni na yote. "Sikia. Mtu akikuomba unidanganye, hata awe baba yangu, ukatae."

"Nitakataa. Utaolewa na mimi? Ningepiga goti, ila nimeshalala chini."

Mpamba keki aliinama ajibu. Pande la mwisho, lile kubwa, likashuka kutoka kwenye rejeta likatua shingoni mwa kijana. Binti wa watu alifungua kinywa, akatapika kando ya sikio lake.

Fundi alisubiri amalize, akamshika mgongo.

"Hiyo niihesabu kuwa ni ndiyo?"

"Ndiyo," akasema, akijifuta mdomo kwa mkono wa ile ovaroli.