Komeo la Chumba cha Nyuma

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya mapaa pale Fundi Komeo alipokaza skrubu ya mwisho kwenye mlango wa Mama Cherehani. Alilivuta komeo, akalirudisha. Lilikwenda bila kelele, kama ulimi kinywani.

"Hapo mwizi atafika, atasalimia, ataondoka zake," alisema, akipangusa grisi viganjani.

"Na mtaa mzima ukishajifunga vyuma, wewe utakula nini?" Mama Cherehani aliuliza, pini tatu kazibana mdomoni. "Utakuja nikufundishe kushona vifungo?"

"Wezi hawajawahi kuninyima kazi, mama."

Walicheka, ila kicheko hakikukaa. Kila mmoja alijua kwa nini mlango ule uliongezwa komeo. Mwizi wa mtaa huo hakuchukua redio wala sufuria. Ndani ya mwezi mmoja, watoto watatu walikuwa wameamka bila sauti. Hawakuwa na homa, wala kidonda kooni. Walifungua vinywa, ikatoka pumzi tu. Na katika kila nyumba mlango ulikutwa wazi alfajiri, komeo limevutwa vizuri, halina hata mkwaruzo. Waganga walitikisa vichwa, madaktari pia. Watu walisema wazazi walisahau kufunga. Fundi naye alisema hivyohivyo, maana makomeo yote matatu aliyaweka yeye.

"Haya, Bwana Mdogo yuko wapi?" aliita. "Twende kwenye jaribio."

Hiyo ilikuwa desturi aliyorithi kwa baba yake, naye fundi. Komeo halikabidhiwi mpaka mtoto wa nyumba alivute kwanza. Mkono wa mtoto ukiliweza, siku ya moto hatanaswa ndani. Kwa hiyo fundi hutoka nje, mtoto hufunga, fundi hupiga hodi, mtoto hukaribisha na kufungua. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko peremende.

Bwana Mdogo, miaka sita, mapengo mawili mbele, alifunga kwa fahari.

"Hodi!" Fundi alisema nje.

"Karibuuu!"

Komeo likateleza. Mtoto akachungulia, akamtazama fundi, kisha akatazama juu ya bega lake. Juu zaidi.

"Mbona mpo wawili?"

Fundi aligeuka. Kamba ya nguo. Ndoo. Ukuta.

Ila palikuwa na harufu... harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, chuma chenye kutu na ukuta uliokunywa maji.

"Wawili ni mimi na sanduku langu," alisema, akacheka peke yake.

Njiani kurudi, koo lilimwasha. Alikohoa mpaka nyumbani.

Kwake alipokewa na bintiye, ambaye mtaa ulimwita Kasuku kwa sababu hakunyamaza hata akila. Alimsimulia baba yake habari za mjusi, za mwalimu, za jino linalocheza, zote kwa pumzi moja.

"Mganga hajigangi," mkewe alidakia, akimwekea maji. "Nyumba za watu zote zina makomeo. Ya kwetu inafungwa kwa kamba, na ndani una mtoto mwenye sauti kuliko wote."

Maneno hayo yalimchoma. Akachukua komeo alilokuwa amelificha chini ya kitanda, zito, jeusi, zuri kupita yote aliyowahi kushika, akalifunga mlangoni usiku uleule. Madirisha alikwisha kuyachomelea nondo zamani. Alipomaliza, Kasuku alikuwa anasinzia.

"Jaribio kesho, baba," alinong'ona. "Ukirudi kazini. Nitasema karibu kwa nguvu. Sikia... karibu!"

Asubuhi Mama Cherehani alikuwa mlangoni. Hakuwa na pini mdomoni. Kitenge alikivaa upande wa ndani nje.

"Nilifunga kwa mkono wangu huu," alisema. "Huu hapa. Nikarudi kuhakikisha mara mbili."

Nyuma yake alisimama Bwana Mdogo, ameshika daftari. Alifungua kinywa kumsalimu fundi. Ikatoka pumzi.

Fundi alichuchumaa. Mtoto akampa daftari. Alikuwa amechora mlango, na mbele ya mlango mtu mwenye sanduku. Nyuma ya mtu huyo alisimama mwingine, mrefu mpaka mwisho wa karatasi, na vidole vyake vilizunguka koo la mwenye sanduku. Huyo mrefu alikuwa na macho. Alikuwa na pua.

"Umesahau kumwekea mdomo," fundi alimwambia kwa upole.

Bwana Mdogo alitikisa kichwa.

Hakuwa amesahau.

Fundi aliketi kwenye kizingiti, akahesabu. Nyumba ya kwanza, mtoto alisema karibu. Ya pili, karibu. Ya tatu. Ya jana. Nyumba ya wazee wawili wasio na mjukuu aliifunga makomeo mwezi huohuo, na haikuguswa. Kisha akakumbuka chuma kilichokuwa chini ya kitanda chake kilitoka wapi, akainuka.

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenunua vyuma vya nyumba kuukuu iliyokuwa inabomolewa ng'ambo ya mji. Alitembea mpaka huko, akafika alasiri. Kazi ilikuwa imekwisha. Palibaki kifusi, na mlinzi mzee aliyekaa juu ya tofali, akinywa chai.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nilijua utarudi." Mzee hakumtazama. "Nilikwambia nini siku ile?"

"Nichukue vyuma vyote, niache komeo la chumba cha nyuma."

"Ukafanya nini?"

"Kilikuwa chuma kizuri, mzee. Fundi haachi chuma kizuri kiende kifusini."

"Lilifungwa upande gani, lile komeo?"

Siku ile fundi aliliona jambo hilo, akalicheka.

"Nje."

"Ehe. Wewe unayefunga nyumba za watu, ulishamwona mtu anafunga chumba cha kulala kwa nje?" Mzee aliweka kikombe chini. "Uliposimama mlangoni, ulisema nini?"

"Nilisema hodi. Mazoea tu, mzee. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nikajijibu mwenyewe."

"Ukasema?"

"Karibu."

Upepo ulipita juu ya kifusi, ukaleta harufu ileile.

"Basi nalirudisha," fundi alisema. "Leo hii nalirudisha!"

"Utalirudisha kwenye mlango upi, mwanangu?"

Fundi alikitazama kifusi. Mlango haukuwepo. Chumba hakikuwepo.

"Ni nani huyo? Anataka nini?"

"Mimi nilikuta wamekwisha kumfunga. Niliambiwa mawili tu, nisifungue, na nisimkaribishe. Nilisikia kwamba kabla ya kumfunga walimnyang'anya kitu, asiweze tena kupiga hodi kwa watu." Kwa mara ya kwanza mzee alimtazama usoni. "Hiyo sauti yako imeanza kukwama lini?"

Fundi alishika koo. Kweli, tangu alfajiri alikuwa anaongea kwa kukwaruza. Sasa alitaka kujibu *jana*, na neno likafika nusu.

Alikimbia. Jua lilikuwa linashuka. Akakimbia huku amempigia mkewe simu.

"Halo?" mkewe alisema.

*Usimwache Kasuku ajibu mlangoni.* Alisema hivyo. Kwa nguvu zake zote alisema hivyo.

"Halo? Baba Kasuku? Mbona unahema tu? Mtandao huu! Fanya haraka, mwanao amekaa mlangoni tangu alasiri anakungoja na jaribio lake."

Simu ikakatika.

Alifika mtaani kwake jua limebakiza kidole kimoja. Njia nzima alijiambia jambo moja tu: sitapiga hodi. Na asiyepigiwa hodi hakaribishi mtu. Nitaketi hapa nje, mgongo kwenye mlango, mpaka kuche. Na kesho. Na keshokutwa.

Ndani alimsikia Kasuku akiimba kuhusu jino lake.

Fundi akauegemea mlango. Akashusha pumzi.

Harufu ikaja.

Baridi ikatua begani, ikatambaa mpaka kooni, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

Na nyuma yake, karibu na sikio, mtu akakohoa kidogo, kama anavyokohoa fundi kila mara kabla ya kukabidhi kazi. Kisha akasema, kwa sauti ya fundi mwenyewe, changamfu, yenye kicheko ndani yake:

"Hodi!"

Wimbo ukakatika.

Fundi alifumbua kinywa apige kelele. Ikatoka pumzi. Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili... usifungue, usifungue... na ngumi zake zikasikika kama mtu anayebisha.

"Hodi hodi, Kasuku!" ile sauti ikasema.

"Amekuja, mama! Baba amekuja!"

Vinyayo vidogo vikakimbia sakafuni. Fundi alikishika kitasa akakivuta kwake kwa uzito wote wa mwili, mlango usifunguke. Juu ya mkono wake ukaja mkono mwingine, mrefu, ukaviachanisha vidole vyake kwenye kitasa kama mtu amenyavyo ganda la chungwa.

"Karibuuu, baba!"

Komeo lilikwenda bila kelele. Alilipaka grisi yeye mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Kasuku alisimama pale, anacheka, jino lake likicheza. Alimtazama baba yake. Akatazama juu ya bega lake. Juu zaidi.

"Mbona..." alisema.

Hilo ndilo neno la mwisho mtaa ule kulisikia kutoka kwa Kasuku.