Mkate wa Mehrangez

Kila asubuhi, nyumbani kwa Sabohat katika mji wa Isfara, kitambaa cha chakula hutandikwa na mikate ya tanuri huwekwa juu yake. Binti yake Mehrangez huitazama kwa hamu. Anatamani kuimega yeye. Lakini mkono wake wa kushoto umekaza, umefumba ngumi. Mehrangez ana mtindio wa ubongo tangu azaliwe.

"Bibi, leo nimege mimi?"

"Mkate haumegwi kwa mkono mmoja, kipenzi. Ni kuudharau," alijibu bibi yake, akammegea.

Roho ilimuuma Sabohat. Alitamani, walau mara moja, mwanawe amkumbatie kwa mikono yote miwili. Kila siku alimnyoosha vidole kwa nguvu, na kila siku mtoto alilia.

Siku moja alikuja Gulrukhsor, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka zahanati. Alisikia kilio tangu mlangoni.

"Dada, unanyoosha vidole au unang'oa karoti? Ukivuta, vinakaza zaidi. Kunja kifundo cha mkono taratibu kuelekea chini, vitalegea. Kisha huo mkono upewe kazi. Mtoto anapenda nini?"

"Kumega mkate!" Mehrangez akadakia.

"Kwa mkono mmoja? Kwangu? Thubutu!" bibi akasema.

Gulrukhsor akacheka. "Shikilia sharti lako hilo hilo, bibi, usilegeze! Wa kushoto ushike, wa kulia umege. Aanze na donge la unga. Kila siku, kwa mchezo, bila kumlazimisha. Na msimfanyie."

"Atapona?" Sabohat aliuliza.

"Mtindio hauponi. Lakini mkono hujifunza."

Neno la kwanza lilimchoma Sabohat. Hata hivyo, kesho yake alimpa mtoto donge. Walikanda. Walipasua matunda ya aprikoti kutoa kokwa. Walibeba bakuli pamoja. Bibi ilimbidi akalie mikono yake ili asisaidie.

Majira ya aprikoti yalipokwisha, Mehrangez aliuvuta mkate. Ngumi ilifunguka nusu, ikashika ukingo. Mkate ukaponyoka. Bibi akanyoosha mkono.

"Bibi, kaa!" Mehrangez akamzuia.

Akajaribu tena. Mkate ukameguka vibaya, ufuta ukatapakaa. Kipande kikubwa akampa mama yake.

Sabohat alikipokea, akashindwa kukila.

"Mbona huli, mama? Hakijaiva?"

"Kimeiva, mwanangu," Sabohat alisema, machozi yakimtoka. "Mmegee na bibi yako."